Mikono Haisafiri

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuugua akili. Watu walisafiri tu. Kusema kweli msafiri alikuwa mmoja, mjomba wangu, mdogo wake mama, na neno lenyewe alilitunga bibi siku ile ya kwanza kijana wake alipoanza kubishana na ukuta huku wageni wakipiga hodi barazani. Bibi alitoka, akauvuta mlango nyuma ya mgongo wake na kuwaambia, "Mwenyewe amesafiri." Baadaye aliitetea kauli yake kwa ukali wote: hakusema uongo, maana aliyekuwa chumbani alikuwa na sura ya mwanawe, sauti ya mwanawe na hata kikohozi cha mwanawe, ila mwanawe hakuwamo.

Neno likaota mizizi, likazaa na wenziwe. Mjomba alipoanza kukosa usingizi na kunusa moshi pasipo na moto, mama alisema, "Huyu anafunga mizigo." Alipoacha kututambua, tulisema yuko mbali. Kisha asubuhi moja, baada ya wiki kadhaa au baada ya mwezi, alitoka chumbani amenyoa ndevu, akaomba chai, na mama, bila hata kugeuka kutoka kwenye jiko, aliuliza swali ambalo bibi alikuwa akiliuliza kabla yake.

"Umerudi?"

"Nimerudi, dada. Mizigo iko njiani."

"Na zawadi zetu?"

"Zawadi waulize majirani. Nasikia maneno yote niliwagawia wao."

Tulicheka, akanywa chai yake, na kesho yake alifungua kibanda.

Kibanda hicho kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la maduka, chembamba kiasi kwamba mteja alibaki nje na fundi akabaki ndani kama karani wa tiketi. Kulikuwa na jiriwa ya kubania chuma iliyofungwa kwenye ubao, tupa za kila unene zikiwa zimepangwa kwenye kopo la maziwa, na funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia ukutani kwa mamia, zikigongana kila lori lilipopita. Mjomba alikuwa fundi wa makufuli. Akiletewa kufuli lililokwama, hakulitazama kwanza. Alilisogeza sikioni, akalitikisa taratibu, akafumba macho. "Kufuli halivunjwi," alinifundisha nikiwa bado sifikii dirisha la kibanda. "Kufuli huombwa."

Mtaa mzima ulimwita Fundi Hodi, kwa sababu ya tabia yake moja. Alipoitwa kufungua nyumba ambayo mwenyewe amepoteza funguo, alisimama mbele ya mlango na kupiga hodi kwanza, mara tatu, ingawa mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale kando yake na ndani hamna hata paka. Watu walimtania. Alijibu kwamba mlango nao una heshima zake, na kwamba fundi anayeingia bila hodi hana tofauti na mwizi isipokuwa risiti.

Tukio lenyewe lilitokea siku ya mapumziko, maduka yakiwa yamefungwa. Mimi nilikuwa bwenini chuoni, nikisoma sheria mwaka wa tatu. Mama alikuwa amekwenda kuhani msiba mji wa mbali. Mjomba alitoka nyumbani asubuhi na mkoba wake wa vifaa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye duka la vitambaa linalokitazama kibanda chake, akafungua kufuli la nje, la ndani na la stoo, akatafuta bomba uani, akajaza ndoo, na kuanza kuyamwagia maji majora ya vitambaa yaliyopangwa hadi darini. Mwenye duka alipofika pamoja na polisi, alimkuta mjomba ameketi kizingitini, ameloa chapachapa, anatabasamu kwa uchovu. "Usiogope," mjomba alimwambia. "Watoto wako wote wametoka salama."

Mwenye duka hakuwa na mtoto hata mmoja.

Mjomba alishtakiwa kwa kuvunja duka na kuingia kwa nia ya kutenda kosa, na kwa kuharibu mali ya mtu. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa mashtaka. Kwa fundi wa makufuli yalikuwa hukumu tayari. Nani atamkabidhi ufunguo wa nyumba yake mtu aliyefungwa kwa kuvunja duka?

Wakili aliyechukua kesi hiyo bila malipo alikuwa mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye wanafunzi tulimwita Mama Pingamizi kwa kuwa alipinga kila kitu, hata kipimo cha sukari katika mkahawa wa chuo. Kituo cha msaada wa sheria kilikuwa chini yake, na mimi nilijitolea pale kubeba majalada na kutafuta kesi za zamani. Nilipomweleza habari za mjomba, hakunipa pole. Aliniuliza, "Je, alijua?"

Nilielewa swali. Sheria niliyokuwa nimeikariri inasema kwamba mtu hawajibiki kwa tendo lake ikiwa, wakati wa kulitenda, maradhi ya akili yalimnyima uwezo wa kuelewa anachofanya, au wa kujua kwamba hakustahili kukifanya. Katika insha zangu niliisifu sana kanuni hiyo. Niliandika kwamba hapo ndipo sheria inapovua buti zake na kuingia chumbani mwa mgonjwa kwa miguu mitupu. Sikuwa nimefikiria kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kuikatalia mlangoni.

Tulimtembelea rumande baada ya daktari wa magonjwa ya akili kumpima na kumwanzishia dawa. Alikuwa amekwisha kurudi. Nililiona hilo kabla hajaketi, katika jinsi alivyolitazama kufuli la lango lililokuwa nyuma yetu kwa dharau ya kitaalamu.

"Mheshimiwa mpwa wangu," aliniita, kama alivyoniita tangu nichaguliwe kusoma sheria. "Umekonda. Chuoni mnakula karatasi?"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Na huyu ndiye mama mwenyewe? Nimesikia unapinga hata mvua."

"Mvua naipinga ikinyesha bila taarifa," alisema Mama Pingamizi, akafungua jalada. Alimweleza utetezi huo kwa upole na kwa ukamilifu, bila kumficha kwamba, tukishinda, hatatoka kwenda nyumbani. Atapelekwa hospitali, na atakaa huko mpaka madaktari na mahakama waridhike. Mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza kufuli.

"Kwa hiyo nichague," alisema. "Niwe mwizi au niwe kichaa."

"Sikusema hivyo, fundi."

"Mtaani ndivyo watakavyosema. Sikiliza, mama. Mwizi akimaliza kifungo chake watu husema amekoma. Anauza nyanya, anaoa, yamekwisha. Lakini mtu mwenye maradhi haya akipona, umewahi kusikia mtu akisema amepona? Wanasema 'ametulia.' Ametulia! Kama maji kwenye ndoo, yanasubiri mtu aitikise."

Mama Pingamizi aliyaandika maneno hayo bila pingamizi. Mimi ndiye niliyeropoka.

"Mjomba, ulikumbuka kupiga hodi?"

Alishangaa. Kisha uso wake ukafunguka. "Nilipiga. Nakumbuka nilipiga, na watoto wakanijibu kwa kukohoa. Moshi ulikuwa umejaa, mpwa wangu. Ulikuwa ukitoka chini ya mlango kama vile..." Akatikisa kichwa. "Najua haukuwapo. Sasa najua. Lakini mimi niliunusa kama ninavyonusa sasa hivi hayo mafuta yako ya nywele."

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Neno lile, kichaa, lisitamkwe mbele ya dada yake. "Alinilea," alisema. "Hajawahi kuniita hivyo, hata siku nilipomtupia sufuria. Asilisikie nikiitwa hivyo mbele ya watu." Wakili alimwahidi kwamba atasema maradhi, na maradhi tu.

Jioni ile mama naye, akikunja nguo ambazo tungempelekea, aliniambia bila kuulizwa: "Nitasema kila kitu. Lakini lile neno sitalitamka mdogo wangu akiwa ananitazama. Mama yangu alikufa bila kulitamka." Nikamwambia hakuna atakayemlazimisha. Basi tukaingia mahakamani kila mmoja akimkinga mwenzake kwa ngao ile ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba ngao hiyo ilikuwa na ncha.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni lake lilizunguka kwa kusitasita kama shahidi asiye na uhakika. Mlinzi wa maduka alitoa ushahidi kwanza. Alisema alimsikia mshtakiwa akipiga hodi.

"Mara ngapi?" aliuliza Mama Pingamizi.

"Tatu. Tena kwa nguvu, kama mtu anayedai."

"Katika kazi yako ya ulinzi, umewahi kumwona mwizi anayepiga hodi?"

"Bado, mama. Lakini siku hizi kuna mengi."

Akafuata mwenye duka, mzee mkavu, mnadhifu, ambaye mtaa ulimwita Bwana Mita kwa sababu hajawahi kumpunja mteja hata upana wa kidole, wala kumwongezea. Alieleza majora yaliyoharibika. Alieleza maneno aliyoambiwa kizingitini. Alipoulizwa kama anamchukia mshtakiwa, alifikiri kwa muda kama anayepima. "Alinichongea funguo zangu zote," alisema. "Yeye tu ndiye angeweza kuniibia muda wote huo, na hajawahi. Sielewi. Nimekuja hapa nielezwe."

Daktari alimweleza vizuri. Alitaja ugonjwa, akaeleza jinsi harufu na sauti zisizokuwapo zinavyokuwa kweli tupu kwa mgonjwa. Lakini mwendesha mashtaka, kijana mwenye adabu na akili kali, alimuuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, ulikuwapo siku ile? Hapana, daktari alimpima baada ya kukamatwa. La pili: makufuli matatu yamefunguliwa bila mkwaruzo hata mmoja, je, hiyo ni kazi ya mtu asiyejua anachofanya? Daktari alisema inawezekana. Hakimu aliandika neno "inawezekana," nami niliona, kutoka benchi la nyuma ya wakili, jinsi alivyolipigia mstari. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wetu. Hatukutakiwa kuondoa kila shaka, lakini ilitupasa kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na "inawezekana" haifiki hapo.

Akaitwa mama.

Alipanda kizimbani na kitenge chake cha kuendea mambo makubwa, akala kiapo, akaamkia kila mtu, pamoja na mwendesha mashtaka. Mama Pingamizi alimtuliza kwa maswali madogo, kisha akauliza: "Ieleze mahakama, siku ya tukio mshtakiwa alikuwa katika hali gani?"

"Alikuwa amesafiri," mama alisema.

Kalamu ya Mama Pingamizi ilisimama. Walikuwa wameyapitia maelezo hayo kituoni, mimi nikiwapo, na neno hilo, amesafiri, lilikuwa limetajwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiandika, na mkono wangu, uliolelewa nyumba ile ile, uliandika "mgonjwa" bila kusita. Sikulisikia. Ni kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwao.

Hakimu aliinua macho. "Alisafiri kwenda wapi?"

"Mbali, mheshimiwa."

"Mji gani?"

Mama alimtazama kwa huruma, kama anayemwonea haya mtu mzima aliyeuliza jambo la kitoto. "Hakuna anayejua, mheshimiwa. Hata yeye hajui."

Mwendesha mashtaka alikwisha simama. "Mheshimiwa, utetezi umetuambia kwamba mshtakiwa alikuwa dukani ila akili haikuwapo. Sasa shahidi wao anasema hakuwapo mjini kabisa. Wachague moja." Akamgeukia mama. "Na wewe, shahidi, siku hiyo ulikuwapo?"

"Hapana, mwanangu. Mimi nami nilisafiri."

"Mlisafiri pamoja?"

"Pamoja naye vipi? Mimi nilipanda basi!"

Watu waliangua kicheko, na hata karani alijificha nyuma ya jalada. Hakimu aligonga meza, akatazama saa, akatangaza mapumziko mafupi. Kwenye kizimba cha mshtakiwa mjomba alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

Ukumbini Mama Pingamizi alinishika kiwiko. "Shahidi yuko katikati ya ushahidi wake," alisema kwa sauti ya chini. "Hasemeshwi. Si mimi, si wewe. Ukimfundisha neno moja, umeuua ushahidi wote, na mahakama itakuwa na haki ya kuutupa." Nilijua. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani.

Basi nikaketi kando ya mama kwenye benchi la mbao, karibu na ndoo ya mpiga deki, na hatukusema. Alinipa ndizi kutoka kwenye mkoba wake. Nikaila.

"Nimekosea?" aliuliza.

Sikujibu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwa ajili ya sheria, na halikuonekana kama tendo. Mtu aliyepita angemwona binti mwenye kiburi anayekula ndizi ya mama yake bila kumjibu. Nikamshika mkono. Akaugeuza wangu, akautazama wino uliokauka vidoleni, akaanza kuusugua kwa ncha ya kitenge chake kama alivyofanya nilipokuwa darasa la kwanza.

"Haya," alisema. "Mdomo wako umefungwa. Nimeelewa. Kazi yenu ina miiko kama jikoni."

Tuliporudi ndani, Mama Pingamizi aliruhusiwa kufafanua lile jibu, lakini si kwa swali la kumtilia shahidi maneno mdomoni. "Shahidi," alisema, "nyumbani kwenu, mtu akisemwa kwamba amesafiri, nini kimempata?"

Mama alifungua mdomo. Akamtazama mjomba. Akaufunga. Nililiona lile neno limesimama mbele yake kama mtu asiyetaka kupisha njia, na nikaona kwamba hatalitamka, hata kama kunyamaza kwake kungempeleka mdogo wake gerezani, kwa sababu alikuwa amemwapia marehemu mama yake kabla hajaiapia mahakama.

"Dada," mjomba alisema kutoka kizimbani.

"Mshtakiwa, una wakili," hakimu alimkanya.

"Samahani, mheshimiwa. Sisemi na mahakama. Nasema na dada." Alikuwa amesimama wima, mikono juu ya ukingo wa kizimba. "Dada, mimi mwenyewe najua ninakokwenda. Usinione haya. Hebu waambie unavyonisindikiza."

Hakimu hakumkatiza. Mama akavuta pumzi, na neno lile hakulitamka kamwe. Alifanya jambo gumu zaidi, akaeleza.

Alieleza moshi unavyoanza, na jinsi mdogo wake anavyozunguka nyumba akigusa vitasa kimoja kimoja kama anayepima homa. Alieleza kwamba hapo yeye huficha mkoba wa vifaa chini ya magunia, huketi mlangoni na mshono wake, na anapomwona macho yake yamehama humwambia, "Safari njema, usikawie," ili popote anakokwenda ajue kuna mtu anamsubiri. Alieleza kwamba asubuhi ya tukio alimpigia simu kutoka msibani, naye akamjibu: "Dada, mlango wa watoto una makufuli matatu, usinicheleweshe." "Nikamuuliza watoto gani, simu ikakatika. Nikajua ameshaondoka. Nikapanda basi la kurudi, mheshimiwa, lakini alikuwa na mwendo kuliko basi."

Mwendesha mashtaka alisimama tena, safari hii polepole. "Pole, mama. Lakini mtu aliye mbali kiasi hicho aliwezaje kufungua makufuli matatu bila hata mkwaruzo?"

"Mikono yake haisafiri," mama alisema.

"Samahani?"

"Yeye husafiri. Mikono hubaki nyumbani. Siku tuliyomzika mama yetu, alikuwa mbali. Alisimama kaburini akiuliza huyu ni nani. Tuliporudi, sanduku la marehemu halikuwa na ufunguo, na sanda za akiba na nyaraka zote zilikuwamo. Sikutaka kulivunja. Nikamwekea mbele yake. Akapiga hodi juu ya kifuniko, akalitegea sikio, akalifungua kwa waya, taratibu, halikupata hata alama. Kisha akaniambia, 'Mama mwenye nyumba, mwambie mwenye sanduku asipoteze tena ufunguo.'" Akamgeukia hakimu. "Mama mwenye nyumba ni mimi, dada yake. Na mwenye sanduku tulikuwa tumemzika asubuhi."

Bwana Mita, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, alivua kofia yake.

"Kwa hiyo siku ile dukani," mwendesha mashtaka aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepoteza makali, "alijua kwamba anafungua kufuli la mtu?"

"Mikono ilijua."

"Na yeye, alijua kwamba anafanya kosa?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, kuwatoa watoto kwenye moto ni kosa?"

Kijana aliinama kidogo na kusema hana swali zaidi. Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Hakimu alisema kwamba daktari ameieleza mahakama kwa lugha yake na dada wa mshtakiwa ameieleza kwa lugha yake, na kwamba alipoziweka lugha hizo mbili kando kwa kando hakuona zinapotofautiana. Tendo lilitendwa na mshtakiwa. Lakini alipolitenda, maradhi yalikuwa yamemnyima uwezo wa kujua kwamba hakustahili kulitenda. Hana hatia ya jinai. Apelekwe hospitali, akatibiwe, ripoti ziletwe mahakamani kila baada ya muda, hadi itakapoonekana ni salama aachiliwe.

Nilitaka kushangilia, kisha nikamwona mjomba ameinamisha kichwa upande mmoja, akiisikiliza ile "hadi."

"Mpwa wangu," aliniambia uani, askari akimsubiri kando ya gari, "umeniombea kufuli zuri. Ila hili halina tundu la ufunguo upande wangu."

"Nitalitafuta, mjomba."

"Najua. Ndiyo maana sina wasiwasi." Akacheka. "Halafu safari hii ya serikali, ni mara ya kwanza nasafiri mikono ikiwamo."

Mama alimkabidhi mfuko: sweta, mswaki, sabuni, majani ya chai. Akamrekebisha kola mbele ya askari, kama anayempeleka shule. "Safari njema," alisema. "Usikawie."

Hospitali iko nje ya mji, ina bustani iliyofyekwa vizuri na milango mingi mno. Tulikwenda kila waliporuhusu. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika tasnifu yangu kuhusu ile "hadi," nikiwa na hasira nyingi na tanbihi nyingi zaidi, na Mama Pingamizi alikuwa akipinga kila ukurasa. Siku moja, tukiwa tunatoka nyumbani, Bwana Mita alituvukia barabara akiwa na kitu ndani ya bahasha. Lilikuwa kufuli la stoo yake, pamoja na ufunguo wake.

"Linakwama," alimwambia mama, bila kumtazama usoni. "Muulize fundi. Mwambie sina haraka, namsubiri yeye."

Muuguzi wa zamu alipoupekua mkoba wetu alilinyanyua juu. "Mama! Kufuli? Hapa tunayo ya kutosha."

"Hili ni mgonjwa," mama alisema. "Limekuja kumwona daktari wake."

Akaturuhusu, kwa sharti kwamba litoke nasi.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi la bustani, amenenepa kidogo kwa dawa, amenyoa ndevu. Mama aliketi kando yake, akapanga vyombo vya chakula, na bila kugeuka akauliza:

"Umerudi?"

"Nimerudi zamani, dada. Kilichobaki ni kuwaarifu hawa."

Nikampa kufuli, nikampa na salamu za Bwana Mita. Mikono yake ilitetemeka kidogo, dawa hufanya hivyo, lakini lilipofika kiganjani ilitulia. Akalisogeza sikioni. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mama akaacha kupakua.

"Lina nini?" nikauliza.

"Halina kitu. Halijawahi kukwama tangu lizaliwe." Alilifungua kwa ufunguo wake, akalifunga, akalifungua tena, na ule mlio mdogo ulitoka safi kabisa. "Yule mzee asiyeongeza hata upana wa kidole! Leo ameniongezea uongo mzima."

Akanirudishia, na ilikuwa kama ananirudishia mtoto aliyelala.

"Mwambie asimpe fundi mwingine. Nikitoka nitapita dukani kwake."

"Kufanya nini," mama akauliza, "na kufuli ni zima?"

"Sitafanya kitu, dada. Nitapiga hodi tu."